Shimo la Tisa

Shimanzi, saa moja na robo, jua halijapanda paa la ghala.
Tsuma atema mate viganjani, ashika mpini wa keekee,
azungusha.
Udongo wapanda kwa pete: mwekundu, mwekundu tena,
kisha kijivu cha ganda la chaza,
kisha ule mweusi usiohitaji mashine.
Pua yatosha. Lakini pua haina sahihi wala muhuri,
basi najaza chupa hadi shingoni, hewa isibaki,
naandika kwa kalamu isiyofutika:
shimo la kwanza, mita moja, dizeli ya zamani.
Chupa yaingia kwenye barafu, ubavuni mwa soda zetu za mchana.

Matangi yalikwisha kung'olewa. Imebaki miviringo minne,
kama alama za masufuria juu ya mkeka.
Hapa mamangu alifagia miaka kumi na mitatu.
Alirudi na leso inayonuka mafuta ya taa,
tukamwambia, Mama, usikaribie jiko.
Akacheka.
Sisi hatukuwa tukitania.

Mwaka ule bomba lilipovuja walileta lori la kifusi,
wakamwaga, wakashindilia, wakapaka chokaa ukingoni.
Funika kombe.
Na mwanaharamu akapita, naam, akapita chini,
yeye hana haja ya mlango.
Masika ikamsukuma kidogo, vuli ikamsukuma kidogo,
na tumbawe lina vitundu kama mkate wa kumimina:
likamfyonza, likamficha, likamwelekeza.

Meneja Mwakio ana ramani ya rangi tatu.
Kijani ni salama, manjano ni subiri, nyekundu ni pesa.
"Mashimo manane," asema. "Ndiyo mkataba."
La nane laishia penye uzio.
Ng'ambo ya uzio Mwanakombo aanika sahani za kibanda chake,
na ndoo yake ya maji ya kisima
ina upinde wa mvua, mchana kweupe, bila mvua.
"Tangu lini?" namuuliza.
"Mie nimeyakuta hivyo. Si ya kunywa hayo, ni ya kuoshea tu."
Aosha sahani tunazolia wali sisi.

Saa ya mapumziko tulichimba la tisa, nyuma ya kibanda,
bila mkataba, bila posho.
Mita mbili na nusu keekee iligonga jiwe, ikalia.
Ilipotoka, Tsuma aligeuza uso.
Niliandika namba
ambayo karatasi haikuwa na mstari wake.

Mwakio alisoma majibu akiwa amesimama. Akaketi.
Akasoma tena, akauliza kama maabara hukosea.
Hukosea, nikamwambia.
Ndiyo maana nilipeleka chupa mbili.

Huu ni mwezi wa tano. Udongo tumeutoa,
tumeulaza juu ya turubai kwa matuta marefu,
tumeuchanganya na samadi ya kuku na makumbi yaliyopondwa.
Kila Jumanne twaugeuza, twaunywesha,
ili vijidudu visivyoonekana vile dizeli
kwa mwendo wao, si kwa mwendo wa mkandarasi.
Tia mkono ndani: una joto la mtoto mwenye homa.
Mwanakombo huletewa maji kwa mkokoteni, madumu sita.
Huyahesabu. Likipungua moja
hunipigia simu mimi, hampigii Mwakio.

Jana nilifungua kopo la majaribio.
Wiki mbili nyuma nilitia nyungunyungu kumi
katika udongo wa shimo la tisa.
Nikaumwaga kwenye sinia, nikaupekua kwa kijiko,
Tsuma akihesabu kama muuza mayai anayeogopa kuibiwa.
Sita walijikunja. Wa saba tulimgusa,
tukangoja.
Akajivuta.

Simu ikalia. "Je," Mwakio akauliza, "ni safi?"
Nilimtazama yule wa saba, akitafuta giza la kujifukia.
"Bado," nikasema.
"Saba."